Fundi anataka logi za seva ya bakapu iliyotengwa: zitoke kwa njia gani?

"Habari mtaalamu. Mimi ni afisa TEHAMA, tena niko peke yangu, katika SACCOS moja hapa Tanzania. Mwaka jana tulinunua seva ya bakapu ya Linux. Ina chumba chake chenye kufuli, haina intaneti, haiko kwenye domeni ya ofisi (mfumo wa pamoja wa akaunti za kompyuta zetu), na SSH, njia ya kuingia kwa mbali, ilizimwa siku ilipokabidhiwa. Bakapu huingia usiku tu, kupitia mlango mmoja kwenye fayawoli. Sasa ni wiki mbili kazi ya saa nane usiku inafeli siku moja, inapita siku nyingine. Kampuni iliyotuuzia inasema haiwezi kusaidia bila logi zote za mfumo, yaani kumbukumbu za matukio ambazo mashine hujiandikia, na fundi wao ameomba niipe seva intaneti 'nusu saa tu' aingie kwa mbali azichukue mwenyewe. Meneja anasema nichukue flashi nikopi, maana logi ni makosa ya mashine, hazina siri. Mimi nilifundishwa kwamba kitu kikishatoka humo, seva hiyo haijatengwa tena. Nani yuko sahihi?"

Ndugu yangu, umefanya vema kuuliza kabla ya kuchomeka waya. Katika nyinyi watatu, wewe ndiye uliye karibu zaidi na ukweli, ingawa nawe kuna mahali nitakurekebisha. Ombi la fundi likatae leo hii. Mwambie kwa heshima kwamba logi atazipata, ila utazitoa wewe, kwa njia utakayoichagua wewe, baada ya wewe kuzisoma.

Nianze na hilo ulilofundishwa. Seva ya bakapu hutengwa kwa sababu moja kubwa: mtu aliyekwisha kuiteka ofisi yenu, mwenye nenosiri la msimamizi wa domeni mkononi, asiweze kuifikia nakala ya mwisho na kuifuta kabla ya kudai fidia. Kwa hiyo kila njia unayopendekezewa ipime kwa swali hili: je, inaruhusu amri kuingia? Karatasi iliyochapwa ndani ya chumba na kubebwa nje haiwezi kumfutia mtu faili. Kikao cha mbali kinaweza. Logi kutoka nje ni suala la usiri, amri kuingia ndani ni suala la uhai wa bakapu, na hayo mawili yana dawa tofauti. Ukiyachanganya utajikuta umekataa njia salama, na siku umechoka umekubali ile mbaya.

Thamani ya mashine iliyokatika na wenzake ilionekana Juni 2017, programu hasidi ya NotPetya ilipoivamia kampuni ya meli ya Maersk. Seva zote zilizotunza majina na ruhusa za watumiaji, zilizokuwa zikinakiliana dunia nzima, zilifutika kwa pamoja. Ilibaki moja, katika ofisi ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na mashine haikuwa kwenye mtandao saa ile. Mfanyakazi alipanda ndege na diski hiyo hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake uwanja wa ndege, naye akaipeleka London. Kampuni kubwa namna ile ilisimama tena kutokana na diski iliyobebwa mkononi. Yenu imetengwa kwa makusudi na kwa gharama, sasa itunzeni.

Tuje kwenye "nusu saa tu". Fundi akipewa njia ya kuingia kwa mbali, mambo kadhaa hutokea kwa mkupuo. Seva inapata njia ya kwenda intaneti. Programu ya kuunganisha kwa mbali inawekwa, na mara nyingi hubaki humo fundi akishaondoka. Nenosiri la root, mtumiaji mwenye mamlaka yote kwenye Linux, linaandikwa kwenye kibodi ambayo wewe hujui laptopu yake ina nini. Hapo kwenye root ndipo penye hatari. Mafaili ya bakapu yaliyofungwa yasifutike kwa siku 30 au 60, kwenye seva za Linux za namna hii, kwa kawaida hulindwa na alama kwenye mfumo wa mafaili. Mtumiaji wa kawaida hawezi kuiondoa alama hiyo. Root anaiondoa kwa amri moja. Ndiyo maana SSH ilizimwa. Ukiirudisha, umerudisha ule mkono ambao kufuli lilitengenezwa kuuzuia.

Na nusu saa haina mwisho unaojulikana. Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja kukagua fayawoli, nikakuta kanuni imeandikwa "ya muda, ifutwe jioni". Ilikuwa na miezi saba. Aliyeiweka alikuwa mtu makini sana. Jioni ile simu ililia, akaenda kushughulikia jambo jingine.

Kuna mlango mwingine ambao fundi anaweza kuutaja kama suluhu ya katikati: kidhibiti cha mbali kilichomo ndani ya seva yenyewe, kile kinachoitwa iDRAC kwenye mashine za Dell na iLO kwenye za HPE. Kina logi zake za vifaa, na ni kweli zinasaidia sana diski au pawasaplai inapoanza kuchoka. Lakini kidhibiti hicho kina uwezo wa kufuta mpangilio wote wa diski bila hata kuigusa Linux. Leo, kabla hujafanya lolote, nenda nyuma ya seva uangalie ule mlango mdogo wa mtandao ulioandikwa jina la kidhibiti. Kama una kebo inayoelekea kwenye swichi ya ofisi, ichomoe. Nimekuta hivyo kwenye seva "zilizotengwa" zaidi ya mara moja, na hakuna aliyekuwa akijua. Logi zake utazisoma kwa laptopu moja iliyochomekwa moja kwa moja, ukiwa umesimama pale pale.

Sasa meneja wako. Hoja yake kwamba logi ni makosa ya mashine tu ndiyo hoja ninayoisikia kuliko zote, na inaeleweka, kwa sababu wengi wetu tunazifungua tukitafuta neno moja la kosa na kupita mengine yote. Hebu tuusome mstari mmoja wa aina unayoweza kukuta humo, nikiuweka kwa Kiswahili: "23:04:17, seva bkp01, kazi MIKOPO-DB kutoka 10.20.4.15, mtumiaji svc_bakapu, imekatika: diski sdd haisomeki." Mstari mmoja tu, na msomaji ameshajua saa mnayofanya bakapu, jina la seva, anwani ya hifadhidata ya mikopo, jina la akaunti inayoifikia, na kwamba diski ya nne, yaani sdd, ni mbovu. Zidisha mara mistari laki moja. Tena kifurushi cha logi ambacho makampuni huomba si logi peke yake. Ndani yake huwa na mafaili ya mipangilio, orodha ya watumiaji, vyeti, na mara nyingine nywila za kuunganisha diski za mtandao zikiwa wazi kama zilivyoandikwa.

Wahalifu wanalijua hilo. Mwaka 2023, kuanzia tarehe 28 Septemba hadi 17 Oktoba, watu waliingia kwenye mfumo wa huduma kwa wateja wa kampuni ya Okta ya Marekani, wakachukua mafaili ya wateja 134. Mafaili hayo yalikuwa yamepakiwa na wateja wenyewe ili wasaidiwe matatizo. Baadhi yalikuwa na vitambulisho vya vikao vilivyo hai, yaani alama zinazoonyesha kwamba mtu ameshaingia tayari, na kwa hivyo wezi waliweza kuingia kama wateja 5 kati ya hao bila kuhitaji nenosiri. Wateja hawakukosea kuomba msaada. Walichotuma ndicho kilikuwa na funguo ndani.

Flashi nayo ina tatizo lake. Kinachoogopesha zaidi ni kile ambacho flashi inaweza kuingiza, kuliko kile inachotoa. Stuxnet, iliyogunduliwa mwaka 2010, ilikifikia kiwanda cha nyuklia cha Natanz nchini Iran, ambako mtandao ulikuwa umetengwa, na flashi zikiwa ndizo daraja. Mwaka 2014 watafiti wa Ujerumani wakaonyesha kwamba programu iliyomo ndani ya chipu ya flashi inaweza kubadilishwa ili kompyuta iione kama kibodi, ikaanza kuandika amri yenyewe. Flashi ileile inayopita kwenye kompyuta ya uhasibu, kwenye gari la fundi, kisha kwenye seva yako ya bakapu, ni waya wa mtandao unaokwenda polepole. Kama hakuna njia nyingine kabisa, tumia mpya iliyotoka dukani kwenye kasha lake, iingie mara moja, itoke, isirudi tena.

Basi zitoke vipi? Kwanza zipunguze. "Logi zote" ni ombi la uvivu. Kwa tatizo linalokuja na kuondoka, chenye thamani ni usiku mmoja uliofeli na usiku mmoja uliopita vizuri, kila mmoja kuanzia saa moja kabla ya kazi hadi saa moja baada yake. Fundi mzuri akiwekewa hizo mbili sambamba ataona tofauti. Amri ya journalctl inakata kipande hicho kwa --since na --until, na unaongeza taarifa ya afya ya kila diski kwa smartctl. Mwulize fundi kwa maandishi: ni mafaili gani hasa, na kwa nini?

Hapa pana mtego wa saa ambao sisi huku unatunasa kuliko wenzetu. Saa nane usiku yako ni 02:00. Seva nyingi zimeachwa kwenye saa za UTC, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo kilichotokea usiku wa kuamkia tarehe 12 utakikuta kimeandikwa 23:00 ya tarehe 11. Nimeona tiketi (ombi la msaada) ikizunguka siku tisa kwa sababu mteja aliandika "saa 8", fundi wa ng'ambo akatafuta saa mbili asubuhi, hakuona kosa lolote, akafunga tiketi. Zaidi ya hapo, seva isiyo na intaneti saa yake huteleza. Simama mbele ya skrini, shika simu yako, andika kwenye daftari saa ya simu na saa ya seva kwa pamoja. Ila usiirekebishe saa ya seva, hata kama imeteleza dakika ishirini, na hata fundi akikuomba. Muda wa kufungwa kwa mafaili ya bakapu unahesabiwa kwa saa hiyo, na kuisogeza mbele ni mbinu inayojulikana ya kuyafanya yaonekane yamekwisha muda.

Kwa kosa dogo, njia salama kuliko zote ni ile watu wanayoidharau: skrini. Piga picha mistari thelathini ya mwisho kwa kamera, hakuna kitu kilichoigusa seva. Kama qrencode imo kwenye seva, inaweza kugeuza maandishi kuwa msimbo wa QR, na msimbo mmoja hubeba hadi baiti 2,953, yaani karibu ukurasa mzima wa maandishi. Tatizo la picha ni simu: ukipiga kwa simu yako, kabla hujatoka chumbani picha imeshapanda kwenye akaunti yako ya mtandaoni, na baada ya dakika iko kwenye kundi la WhatsApp. Tumia kifaa cha ofisi ambacho hakina laini.

Kwa faili kubwa kidogo, mimi kwa hali yako ningetumia DVD ya kuandikwa mara moja. Nunua mashine ya kuchomea DVD, mpya, ibaki humo chumbani milele. Diski moja ni GB 4.7, inatosha kabisa. Unaandika, unafunga diski isiongezwe kitu, unatoka nayo. Haiwezi kurudi na kitu kipya kwa sababu haiandikiki tena, nawe huirudishi. Wengi huiona teknolojia ya kizee. Kwa kazi hii hasa, huko kutoandikika mara ya pili ndiko tunakokutafuta.

Kama tatizo litaendelea na utahitaji logi kila siku, tengeneza njia ya upande mmoja. Seva nyingi bado zina mlango wa siriali wenye pini tisa. Kebo yake unaweza kuitengeneza mwenyewe kwa nyaya mbili: pini ya 3 ya seva, inayotuma, iende kwenye pini ya 2 ya kompyuta ya kupokelea, na pini ya 5 iende kwenye pini ya 5. Waya wa kurudi usiuunge. Hakuna mhalifu duniani atakayepitisha amri kwenye waya usiokuwepo. Kasi ya biti 115,200 kwa sekunde inapitisha takriban kilobaiti 11.5 kwa sekunde, kwa hiyo faili la MB 20 litachukua karibu nusu saa, na kwa logi zilizobanwa hiyo si shida. Kwa kuwa mpokeaji hawezi kujibu "nimepata", tuma faili mara mbili na ulinganishe.

Njia ya kawaida maofisini ni syslog, seva ikisukuma logi zake kwenda kwa kompyuta ndogo ya kukusanya. Ni nzuri, ila ifahamu ilivyo. Ukitumia UDP, njia ya kutuma bila kuthibitisha kupokelewa, kwenye mlango 514, mistari hupotea kimyakimya na yeyote kwenye mtandao huo anaweza kughushi mmoja. Ukitumia TLS, njia iliyosimbwa, kwenye mlango 6514, mistari haipotei ovyo na imefichwa, lakini mazungumzo ni ya pande mbili, na kinachomzuia mtu asiingie ni kanuni ya fayawoli tu, si maumbile ya waya. Kwa SACCOS naikubali, mradi seva ndiyo inayoanzisha mazungumzo na ile kompyuta ya kukusanya haiko kwenye domeni ya ofisi.

Faili likishatoka, lisiende moja kwa moja kwenye barua pepe. Chukua laptopu ya zamani, ifute, iweke Linux upya, isiwe na intaneti. Hapo ndipo utakaposoma. Kabla ya kutoka chumbani uliendesha sha256sum, amri inayotoa alama ya kipekee ya faili, na kuandika kwenye daftari angalau herufi nane za mwanzo na nane za mwisho, sasa endesha tena uone kama ni zilezile. Tunza faili hilo asilia bila kuligusa, fanya kazi kwenye nakala. Badilisha majina ya seva, anwani za IP, majina ya watumiaji na ya wanachama, kwa utaratibu: 10.20.4.15 iwe SEVA-A kila inapotokea, ili fundi aweze kufuata kisa. Programu ya sos iliyomo kwenye Linux nyingi ina kipengele cha clean kinachofanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, lakini haijui kwamba folda fulani inaitwa jina la mwanachama. Macho yako lazima yapite. Na kama kifurushi kina nakala ya kumbukumbu ya mashine iliyochukuliwa ilipoanguka, itoe kabisa. Humo kunaweza kuwa na funguo zilizokuwa zikitumika wakati huo.

Kisha lisimbe kwa ufunguo wa umma wa kampuni, ule wa kufungia ambao wao peke yao wanaweza kufungua, na uhakikishe ufunguo huo ni wao kwa kupiga simu, kwa namba iliyo kwenye mkataba wenu, si ile iliyo chini ya barua pepe. Kama fundi au mfumo wao wa tiketi uko nje ya nchi, kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, ina masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya Tanzania. Logi iliyosafishwa vizuri inakupunguzia mzigo huo. Yenye majina ya wanachama inakutaka uzungumze kwanza na mwanasheria wenu.

Kuna hali mbili ambazo maelezo yangu haya hayatoshi, na usijaribu kuzimaliza peke yako. Ukisoma logi ukakuta mtu ameingia saa usiyoielewa, majaribio ya kufuta bakapu, saa ya seva imebadilishwa, au pengo la saa kadhaa lisilo na mstari hata mmoja, acha kila kitu kama kilivyo. Usiizime seva, usiiwashe upya, usisafishe chochote. Chomoa kebo ya mtandao, mwite meneja ana kwa ana, na mtafute mtaalamu wa matukio ya kimtandao aje ofisini. TZ-CERT, kitengo cha matukio ya kimtandao kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), nacho hupokea taarifa za namna hii.

Hali ya pili ni diski. Kama mpangilio wenu wa diski ni RAID 6, yaani diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, unavumilia diski mbili kufa, si ya tatu. Smartctl ikionyesha moja imekufa na nyingine inaelekea huko, usitengeneze hata hicho kifurushi kikubwa cha logi, maana baadhi hukagua diski zote na kuzichosha. Piga picha skrini, sitisha kazi ya saa nane, chukua bakapu ya leo kwenye diski nyingine kabisa, na mwambie fundi apande basi aje na diski mpya. Akifika, mkae naye chumbani, wewe ukiwa kwenye kibodi na yeye akikuelekeza.